Nani Anashika Mlango wa Maji? Mwenye Gazeti na Uhuru wa Redaksio

Wengi wa page hii mnanijua kwa mambo ya mihogo na nyanya. Leo mnivumilie kidogo, natoka shambani naingia kwenye magazeti na radio. Lakini hata hii hadithi ilianzia shambani.

Nilipomaliza licence yangu nilipewa emisio ya kilimo kwenye radio moja ya hapa Uvira, jina lake nalibakiza. Kila Jumamosi asubuhi, nusu saa, bila mshahara. Walikuwa wananipa pesa ya moto, na siku zingine hata hiyo hapana. Sikulalamika, maana wakulima wa tambarare ya Ruzizi walikuwa wanasikiliza na kunipigia simu, na kwa mtu anayetafuta kazi hiyo ilikuwa heshima.

Siku moja mama mmoja wa upande wa Sange akanipigia. Alikuwa ametoa pesa ya likelemba, akanunua mbegu za mahindi mjini, zile zenye rangi nyekundu, kwenye mfuko unaoonekana wa kiserikali kabisa. Alipanda kwa mistari kama tunavyofundisha. Nilipofika shambani kwake nikakuta mmea mmoja hapa, mwingine kule, kama meno ya mzee. Akanionyesha mbegu zilizobaki. Nikahesabu 100, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku saba zilikuwa zimeota 31. Mbegu nzuri ya mahindi inatakiwa iote karibu 90. Mama alikuwa amenunua nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi.

Nikatayarisha emisio. Sikutaka kutaja jina la duka, nilitaka tu kueleza watu namna ya kupima mbegu kabla ya kupanda, na kusema kwamba mjini kuna mbegu za uongo. Ijumaa jioni kijana wa tekniki akaniita pembeni: "Yaya, ile sije ya mbegu afazali uiache. Yule muuzaji njo analipiaka matangazo ya asubuhi. Na patroni yuko rafiki yake sana."

Jumamosi nikafika, wakaniambia kuna shida ya kitekniki, wakapiga muziki. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Ya tatu wakaniambia, "Tutakuita, agronomi." Mpaka leo hawajaniita.

Sasa angalieni vizuri. Hakuna mtu aliyenikataza. Patroni hakunipigia simu hata siku moja. Hakuna barua, hakuna mkutano. Labda hata yeye mwenyewe hakujua kuna emisio ya mbegu. Wafanyakazi wake walijua anachopenda, wakamaliza kazi kabla hajafungua mdomo. Tangu ile siku nikaanza kusoma juu ya swali hili: mwenye chombo cha habari anaingiaje ndani ya habari? Nilichokipata njo hiki ninawaletea.

KWANZA TUELEWANE JUU YA MANENO

Kila gazeti lina watu wa aina mbili. Kuna mwenye gazeti, yule aliyetoa pesa na ambaye mashini na viti ni vyake. Halafu kuna redaksio, yaani waandishi na mhariri mkuu wao, ambao wanaamua kila siku habari gani itoke, ipi iende ukurasa wa kwanza, ipi iachwe. Uhuru wa redaksio maana yake ni kwamba uamuzi huo unafanywa kwa kuangalia ukweli na faida ya msomaji, hata pale ambapo mwenye gazeti atakunja uso.

Watu wa tambarare watanielewa haraka nikitumia mfereji wa kumwagilia mpunga. Wewe una shamba lako na jembe lako. Lakini juu kule kuna mtu anashika mlango wa maji. Hana haja ya kuja shambani kwako kung'oa mpunga. Akifunga mlango siku tatu tu, utaenda mwenyewe kumuuliza anataka nini. Na ukishajua anachotaka, mara nyingine hutangoja afunge.

Katika gazeti, maji ni pesa. Nayo inatoka sehemu chache: mfuko wa mwenyewe, mauzo, matangazo ya biashara na ya serikali, wafadhili, na huku kwetu Kongo, ile tunayoita coupage. Kwa ambao hamjaizoea: coupage ni pesa ambayo mwandishi anapewa na yule yule anayeandikwa habari zake. Unafunika kongamano, unatoka na bahasha. Mwandishi ambaye halipwi mshahara anaishi kwa bahasha. Kwa hiyo ana patroni wawili: wa kwanza hamlipi lakini anamshikia kiti, wa pili anamlipa kwa siku moja na anataka sifa. Hapo uhuru utakaa wapi?

KINSHASA: GAZETI NA KITI

Wakati wa Mobutu jibu lilikuwa rahisi. Kulikuwa na chama kimoja, MPR, na magazeti kama Elima na Salongo yaliimba wimbo wa chama. Baada ya hotuba ya 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, magazeti yalichipuka Kinshasa kama uyoga baada ya mvua. Watu wakasema, sasa tuko na uhuru.

Uhuru wa kuanzisha gazeti ulikuja kweli. Lakini gazeti ambalo linauza nakala chache, katika mji ambao mtu mmoja ananunua na kumi wanasoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama barabarani, haliwezi kuishi kwa mauzo. Linahitaji mtu nyuma yake. Na mtu mwenye pesa Kongo, mara nyingi, ni mtu wa siasa au mtu anayetaka kuwa mtu wa siasa.

Mfano mmoja unatosha. Le Potentiel lilianzishwa mwaka 1982 na Modeste Mutinga, mwandishi wa habari wa kweli, na likawa moja ya magazeti yenye heshima kubwa nchini. Wakati wa kipindi cha mpito kabla ya uchaguzi wa 2006 yeye ndiye aliongoza Haute Autorité des Médias, taasisi iliyokuwa inasimamia vyombo vyote vya habari. Baadaye akawa seneta. Pius Muabilu naye ni mwanzilishi wa kundi la L'Avenir, na alikuwa mbunge. Serikali ya Sama Lukonde ilipotangazwa Aprili 2021, wote wawili walikuwa ndani yake kama mawaziri, mmoja wa mambo ya jamii, mwingine wa miji na makazi.

Sisemi kwamba hao waliamuru jambo lolote baya, na kuingia serikalini si kosa. Nawaomba tu mkae kwenye kiti cha mwandishi kijana wa gazeti la namna hiyo. Asubuhi unapata karatasi inayoonyesha kwamba wizara fulani imekula pesa. Wizara hiyo inaongozwa na mwenye gazeti lako, au na mwenzake wanayekaa meza moja kila Ijumaa. Nani atakukataza kuandika? Hakuna. Utaandika? Kila mmoja ajijibu mwenyewe moyoni.

DAR ES SALAAM: TUKIMPA SERIKALI, JE?

Wengine watasema: basi matajiri waondolewe, gazeti liwe la wananchi. Jirani zetu ng'ambo ya ziwa walijaribu, na walijaribu kwa nia nzuri.

Gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilikuwa la Lonrho, kampuni ya Uingereza yenye biashara nyingi Afrika. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha. Alisema wazi kwamba gazeti la wananchi halitakuwa mali ya kampuni ya kigeni. Akaandika pia mwongozo ambao uliruhusu gazeti kuikosoa serikali pale inapokosea. Na akachagua mhariri mwenye kichwa chake mwenyewe: Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, mtu wa ANC. Ni yule yule ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuanguka.

Mwaka 1971 Rais Nimeiry wa Sudan aliwanyonga viongozi wa wakomunisti baada ya jaribio la kumpindua. Gazeti la Ginwala liliandika tahariri kali kumlaani. Nimeiry alikuwa rais wa nchi rafiki. Ginwala akaondolewa kazini. Mwaka 1972 The Standard likaunganishwa na gazeti la chama, The Nationalist, likazaliwa Daily News ambalo lipo mpaka leo.

Mimi namheshimu Mwalimu, na naamini alipoandika mwongozo ule alikuwa anamaanisha. Lakini angalieni: mwongozo ulikuwa karatasi, na mkono uliomweka mhariri ndio uliomwondoa. Kati ya mwenye gazeti na mhariri hapakuwa na mtu wa tatu. Kubadilisha jina la mwenye mali, kutoka tajiri hadi serikali, kulibadilisha mambo yapi yasiguswe. Mlango wa maji ulibaki na mshikaji mmoja.

NAIROBI: MHARIRI MMOJA, PATRONI WAWILI

Kenya wanatupa mfano ambao mimi niliupenda sana, kwa sababu ni kama tunavyofanya sisi kwenye shamba la majaribio: mbegu ni ile ile, udongo unabadilisha.

George Githii alikuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, gazeti lililoanzishwa na Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Mwaka 1977 Githii aliondoka pale baada ya kupishana na wenye gazeti juu ya mambo aliyoandika kuhusu kiongozi wa dini wa Mabohora. Jambo la dini, la jamii iliyo jirani na ya mwenye mali. Hapo alikuwa amekanyaga mpaka.

Akaenda kwa wapinzani, gazeti la Standard la Nairobi. Na hilo lilikuwa la nani? La Lonrho, wale wale waliokuwa wamenyang'anywa la Dar es Salaam. Julai 1982 Githii akaandika tahariri ya kupinga watu kufungwa bila kupelekwa mahakamani. Lonrho walikuwa na mashamba na biashara Kenya, walihitaji kuelewana na Rais Moi. Githii akafukuzwa.

Mmeona? Mtu mmoja, kalamu moja. Kwa patroni wa kwanza mpaka ulikuwa dini, kwa wa pili ulikuwa biashara na ikulu. Kila mwenye gazeti ana shamba lake ambalo mbuzi wa mhariri hawaruhusiwi kula. Lonrho walipoondoka miaka ya 1990, Standard ikaenda mikononi mwa watu wa karibu na Moi mwenyewe, na mpaka ukahama tena. Na msidhani hayo ni ya zamani tu: Machi 2018 wanasafu wanane wa Nation walijiuzulu kwa pamoja, wakisema uhuru wa redaksio umeingiliwa mno.

Lakini haki isemwe. Magazeti hayo ya Nairobi yamefichua wizi mwingi wa mali ya umma, mara nyingi kuliko yetu. Kwa nini? Kwa sababu yana wasomaji wanaolipa na makampuni mengi yanayotangaza. Mtangazaji mmoja akikasirika, wengine wapo. Mfereji wenye milango mingi haukauki siku moja.

BUKAVU: UHURU NA GHARAMA YAKE

Turudi kwetu. Bukavu kulikuwa na gazeti linaitwa Le Souverain. Mwaka 2007 lilichukuliwa na Solange Lusiku Nsimire, mama aliyekuwa ametokea kwenye radio. Aliandika juu ya rushwa, juu ya wanawake waliobakwa, juu ya wakubwa wa mkoa. Nyumba yake ilivamiwa na watu wenye silaha. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, kilimpa udaktari wa heshima mwaka 2012, na 2014 akapata tuzo ya ujasiri ya shirika la kimataifa la wanawake wa habari. Alifariki Oktoba 2018. Hakuwa na patroni wa kumwambia nyamaza. Ndiyo maana pia hakuwa na patroni wa kulipia karatasi, na gazeti lilitoka pesa ilipopatikana. Heshima yake ilifika Ulaya, lakini nakala zake ngapi zilifika hapa Uvira?

Mfano wa pili ni Radio Maendeleo, ya Bukavu pia, iliyoanzishwa 1993 na mashirika ya wananchi yaliyoungana. Wenyewe ni wengi. Mwaka 1999, wakati RCD ilipokuwa inatawala huku, ilibidi waifunge. Fikirieni jambo hilo: radio ya patroni mmoja inanyamazishwa kwa simu moja tu, tena kwa upole. Radio yenye wenyewe wengi, mpaka utume watu waje kuifunga, na mji mzima utaona.

Na Radio Okapi? Ilianza kusikika Februari 2002, kwa pesa ya Umoja wa Mataifa na kazi ya Fondation Hirondelle ya Uswisi. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa Bukavu, mmoja 2007, mwingine 2008. Hakuna anayeweza kusema walikuwa waoga. Wengi wetu tumekua na sauti ya Okapi. Bado, ile Julai 2022 watu walipoandamana dhidi ya MONUSCO mpaka hapa Uvira, msikilizaji alikuwa na haki ya kusikiliza kwa sikio la pili, kwa kuwa aliyekuwa anaandamaniwa ndiye mwenye radio. Kufanya hivyo si kuwatukana waandishi. Ni kujua tu maji yanatoka wapi.

JARIBIO LA KUOTA

Nimalizie na kitu cha kufanya, maana agronomi hawezi kukuacha na nadharia bila jembe.

Mbegu hatuipimi kwa kuangalia rangi ya mfuko. Gazeti pia tusilipime kwa kusoma maneno "huru na ya kuaminika" yaliyoandikwa chini ya jina lake. Chukua matoleo kumi ya gazeti unalosoma, au siku kumi za habari za radio yako. Kisha jiulize:

1. Mwenyewe ni nani, na ana kazi gani nyingine? Tafuta kale kasanduku kenye majina ya viongozi wa gazeti. Kasipokuwepo, hiyo tayari ni jibu.

2. Nani anatangaza humo? Halafu tafuta habari moja tu mbaya juu ya mtangazaji huyo. Ukikosa katika kumi, andika sifuri.

3. Mwenyewe, chama chake, dini yake au kabila lake wamewahi kukosolewa humo, hata kwa upole?

4. Kuna jambo ambalo mji mzima unalisema sokoni Mulongwe na gazeti halisemi? Kilichonyamazwa ni kigumu kuona kuliko uongo, lakini ndipo mkono wa mwenyewe unapokaa.

5. Mhariri wa mwisho aliondokaje? Alichoka, au alichokwa?

Ukimaliza, usitupe gazeti. Mbegu inayoota 60 kwa 100 bado unaweza kuipanda, ila utaongeza punje kwenye kila shimo. Vilevile gazeti lenye mwenyewe mzito unalisoma pamoja na lingine la mpinzani wake, na pale wanapokubaliana wote wawili, labda pana ukweli.

Na kwa wenzangu ambao mtaanzisha vyombo vyenu, maana najua hapa wapo: msingoje kumpata patroni mwema. Patroni mwema pia atakuwa na rafiki muuza mbegu. Tafuteni milango mingi ya maji: michango midogo ya wasikilizaji wengi, matangazo ya watu wengi wadogo, na andiko linalosema mhariri hawezi kuondolewa na mtu mmoja. Halafu mlipeni mwandishi, hata kidogo, ili bahasha isimwite.

Yule mama wa Sange aliniuliza swali moja nilipokuwa naondoka shambani kwake: "Sasa mwanangu, wewe uko kwenye radio, mbona hamukutuambia?" Sikuwa na jibu. Alipoteza msimu mzima na pesa ya likelemba ya miezi. Kama emisio ingetoka, yeye asingeokoka, alikuwa ameshapanda. Lakini majirani zake walinunua kwenye duka lile lile wiki mbili baadaye.

Tangu hapo napita mwenyewe, Kiliba, Sange, Luberizi, nafundisha watu kufunga mbegu 100 kwenye kitambaa. Ninawafikia watu ishirini, thelathini kwa siku. Radio ingewafikia wote kwa nusu saa. Hiyo njo hasara yenyewe, na wala haiandikwi kwenye hesabu za patroni yeyote.

Ninyi je, chombo mnachosikiliza kila asubuhi, mnajua ni cha nani?